Mikate Ishirini na Chupa Moja ya Mafuta

Mahubiri ya Dominika ya 17 ya Mwaka B



Somo la kwanza la Dominika hii limetoka katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, nalo ni fupi mno. Msomaji wetu wa asubuhi alilimaliza kabla watoto hawajaacha kusukumana kwenye mabenchi. Nchi ina njaa. Mtu mmoja anamletea nabii Elisha mikate ishirini ya shayiri, malimbuko ya shamba lake. Nabii anaamuru watu wapewe wale. Mtumishi wake anastaajabu, kwani watu ni mia moja. Elisha anarudia amri ile ile, watu wanakula, na chakula kinasalia. Halafu katika Injili tumemsikia Mwinjili Yohane akitusimulia juu ya kijana mwenye mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, na umati wa wanaume wapatao elfu tano.

Leo nawaomba tuirudie sura hiyo ya nne tangu mwanzo wake, kwa sababu inafunguliwa na habari nyingine ambayo hatukusomewa kanisani. Mjane wa mmoja wa wanafunzi wa manabii alimlilia Elisha. Mumewe amefariki, ameacha deni, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Hapo nabii hatoi mikate. Anamwuliza mama yule amtendee nini, kisha anamwuliza ana kitu gani nyumbani mwake. Mama anajibu kwamba hana kitu, isipokuwa chupa ya mafuta. Anaagizwa aende kwa majirani wote akaazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache, ajifungie ndani pamoja na wanawe, na amimine. Mafuta yanajaza vyombo vyote. Anauza, analipa deni, na yeye na wanawe wanaishi kwa kilichobaki.

Nabii ni yule yule na sura ni ile ile. Wale mia moja hawakuulizwa swali lolote, walipewa wakala. Mjane aliulizwa. Nimewahi kusoma sura hii mara nyingi bila kuitambua tofauti hiyo, mpaka siku nilipofunzwa na mama mmoja wa hapa hapa Moshi, ambaye nitawasimulia habari zake baadaye kidogo.

Kwanza niiseme mikate, kwa sababu siku hizi mikate imeanza kusemwa vibaya. Katika semina na mikutano ya maendeleo tunaambiwa kwamba kumpa mtu samaki ni kumharibu, sharti afundishwe kuvua. Msemo huo una ukweli wake, sikatai. Lakini nimeona jinsi ulivyogeuka kuwa mto laini wa kulazia dhamiri. Mtu hatoi samaki, wala hafundishi kuvua. Anausema tu msemo, kisha anapanda gari lake. Na aliyekaa siku tatu bila kula hafundishiki jambo lolote.

Wazee wetu wa Kiswahili walisema kwa busara zaidi: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mara nyingi methali hii hutumiwa na mwenyeji aliyekwisha kuchoka, ili mgeni aelewe kwamba sasa aondoke. Tuisikilize vizuri. Siku mbili za mwanzo mgeni anakula, wala haulizwi amekuja kwa nini au ana ujuzi gani. Na siku ya tatu haambiwi atafute jembe; anapewa. Jembe ni la mwenyeji, na shamba atakalolimwa nalo ni la mwenyeji vilevile, au lile ambalo mwenyeji yuko tayari kumkatia. Anayempa mgeni jembe bila ya kumwonyesha shamba hajamsaidia. Amempa mzigo wa kubeba njiani.

Sisi tunaokaa juu mlimani tunasahau upesi. Mtu wa Kibosho au wa Marangu akifungua mlango asubuhi anaiona migomba yake imesimama, na mvua ikichelewa wiki tatu haoni tofauti kubwa. Basi na ashuke hadi tambarare, aelekee Himo na kuendelea upande wa Mwanga na Same, katika mwaka ambao vuli imekatika. Atayaona mahindi yaliyokauka kabla ya kubeba, na mama anayetembea tangu alfajiri kutafuta ndoo moja ya maji. Huko, mwaka wa namna hiyo, gunia la mahindi ni Injili. Lipelekwe, tena lipelekwe mapema, lisingojee kikao cha pili wala cha tatu.

Waliokuwa na akili zao mwaka 1974 wanayakumbuka mahindi ya njano yaliyotoka ng'ambo. Taifa letu lilikuwa limetangaza Azimio la Arusha mwezi wa Februari 1967, na kila mtoto wa shule aliimbishwa kujitegemea. Mvua zilipopungua miaka ile ya 1973 na 1974, Serikali ile ile iliyohubiri kujitegemea iliagiza nafaka kutoka nje kwa fedha nyingi, ikaigawa. Hakuna aliyesema watu waachwe wafe ili Azimio lisije likapata doa. Kujitegemea ni kwa ajili ya walio hai.

Kisha wapo wenzetu ambao siku yao ya tatu haitafika kamwe. Namfahamu mzee mmoja, kijiji chake sitakitaja, aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Macho yake yamefifia, na watoto wake wawili wamemtangulia mbele ya haki. Huyu tumfundishe kuvua katika mto gani? Anahitaji uji asubuhi, mtu wa kumfulia shuka, na mtu wa kukaa naye kwa muda wa rozari moja. Atayahitaji hayo mwaka huu, na mwakani pia kama Mungu atamjalia. Papa Benedikto wa 16 aliandika katika barua yake ya kwanza kwa Kanisa zima, iliyotiwa sahihi mwaka 2005, kwamba hata nchi ikiongozwa kwa haki namna gani, upendo wa mtu kwa mtu hautakosa kazi. Mzee wangu yule ndiye ufafanuzi wa maneno hayo. Katekista akiniuliza mradi wa mzee huyu utakwisha lini, nitamjibu kwamba utakwisha siku ya mazishi yake, na siku hiyo pia tutachanga.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ubaya hauko kwenye mikate. Uko wapi basi? Mwinjili Yohane anatuonyesha katika mstari wa mwisho wa Injili ya leo, mstari ambao sisi wahubiri huupita haraka kwa kuwa tumechoka na tunataka kuingia katika Nasadiki. Watu walipokwisha kushiba, walitaka kumshika Yesu kwa nguvu wamfanye mfalme. Naye alipotambua nia yao aliondoka, akaenda mlimani peke yake.

Fikirini jambo hilo. Amewalisha, amehakikisha vipande vimekusanywa visipotee, kisha ameondoka kabla shukrani yao haijageuka kuwa minyororo. Minyororo kwake yeye, na zaidi kwao wenyewe, kwani anayemfanya mtu mfalme kwa sababu ya mkate amekwisha kujifanya mtumwa wa mkate huo. Sisi mara nyingi tunafanya kinyume. Tunagawa mikate, kisha tunakaa pale pale tukingoja taji.

Nitatoa mifano, na asikasirike mtu. Tunaijua mifano ya wakubwa: kanga, kilo za sukari na pilau zinazotembea vijijini uchaguzi unapokaribia. Nchi hii iliwahi kuwa hata na sheria iliyoruhusu jambo hilo kwa jina la takrima, iliyopitishwa mwaka 2000, hadi Mahakama Kuu ilipoitangaza mwaka 2006 kwamba ni kinyume cha Katiba. Lakini ni rahisi kuwacheka wanasiasa. Tujitazame wenyewe mwezi wa Desemba.

Desemba inapofika, wana wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani. Magari yanapandana barabarani kutoka Dar es Salaam, nyimbo zinapigwa, na kila kihamba kinapata wageni wake. Mama mzee, ambaye tangu Februari amekaa peke yake na paka, anashtukia amezungukwa na wajukuu kumi na wawili. Anashushiwa mchele, sukari, mafuta ya kupikia, mablanketi mawili na doti ya vitenge. Mbuzi anachinjwa, mbege inanywewa, picha zinapigwa. Ni jambo jema, mimi mwenyewe hulifurahia, na kisusio cha Krismasi sijawahi kukikataa. Ifikapo tarehe tano ya Januari magari yamekwisha kuteremka. Mwezi wa Machi paa la jiko la mama linavuja, dawa zake za shinikizo la damu zimekwisha, na migomba haijapogolewa kwa kuwa mgongo wake haukubali. Mablanketi mawili yako kabatini, mapya, karibu na mengine manne ya miaka iliyopita. Alipokuwa amezungukwa na watoto wote, ni yupi kati yao aliyekaa naye chini, bila simu mkononi, akamwuliza: Mama, mwaka huu tukufanyie nini? Blanketi halimwulizi mtu swali, na ndiyo sababu tunapenda kulinunua.

Nimewasema wanasiasa, nimewasema wana wa nyumbani. Haki inanidai niwaambie habari ya paroko mmoja, ambaye ndiye mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na parokia ya mjini, yenye waamini wengi wa upande wa chini wa mji. Tulikuwa na utaratibu mzuri, au ndivyo nilivyouona. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tuligawa unga wa sembe, kilo tano kwa kila kaya iliyoandikwa katika daftari. Tuliliita daftari la maskini, na wala hatukusikia ubaya wa jina hilo. Katekista alisimama mlangoni mwa ghala akaita majina, kila aliyeitwa akatia sahihi au dole gumba, akabeba unga wake. Mwisho wa mwaka niliandika taarifa: kaya kadhaa, kilo kadhaa. Taarifa ilisifiwa.

Katika daftari hilo alikuwamo mama mmoja mjane mwenye watoto watatu. Aliitwa na kuitika kwa muda wa miaka minne. Jumamosi moja ya masika hakufika, tukasikia ana homa. Mvua ilikuwa kubwa, nami nilikuwa na gari, hivyo mimi na katekista tukampelekea unga wake. Kilikuwa chumba kimoja cha kupanga. Tulipokwisha kumsalimu na kusali naye, niligeuka nitafute mahali pa kuuweka mfuko. Penye ukuta palikuwa na kitu kama meza, kimefunikwa kanga, na juu yake sufuria, kibatari na madaftari ya watoto. Nikaisogeza sufuria kidogo, kanga ikateleza. Ilikuwa cherehani.

Nikamwuliza, "Mama, cherehani hii ya nani?"

"Yangu, Baba Paroko. Nilikuwa nashona sare za shule, kabla baba watoto hajafariki."

"Na sasa mbona hushoni?"

"Mkanda ulikatika."

Sikuamini masikio yangu. Nikamwuliza, kwa sauti ambayo sasa naionea haya, kwa nini muda wote huo hakutuambia. Yule mama alinitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza jambo lililo wazi.

"Baba, hamkuniuliza. Mlikuwa mnaita majina."

Kesho yake baada ya Misa ya pili nilimtuma kijana mjini akanunue mkanda. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko bei ya unga wa mwezi mmoja tuliompa mama yule. Sitazidisha hesabu hiyo. Kila mmoja wenu anaweza kuifanya, nami nimeifanya usiku mwingi.

Ninawaomba msifikiri kwamba mkanda ulimaliza mambo. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea upande wa pili: tukishampa mtu kitendea kazi tunanawa mikono, tunapiga picha, na kumtangaza kuwa amejikomboa. Mama alikuwa na cherehani inayozunguka, lakini hakuwa na kitambaa, hakuwa na mteja, na kodi ya chumba ilikuwa imelala miezi miwili. Wateja wake wa zamani walikuwa wamehamia kwa mafundi wengine. Hapa ndipo nilipoielewa sehemu ya habari ya Elisha niliyokuwa nikiiruka: vyombo vya majirani. Nabii hakusema mafuta yamiminwe katika chupa ile ile. Muujiza ulihitaji mtaa mzima uazimishe vyungu vyake, na nadhani mafuta yalikoma si kwa sababu Mungu amechoka, bali kwa sababu vyombo vilikwisha. Katika jumuiya ndogo ndogo ya mama yetu, kina mama wenzake walikaa wakasema kwa mshangao kwamba kila Januari wanakwenda katikati ya mji kushonesha sare, na fundi anakaa nyuma ya nyumba zao. Wakamletea vitambaa. Mmoja alimlipa nusu kabla ya kazi. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vyungu vyake.

Ona pia kwamba Elisha hakuwamo ndani wakati mafuta yakitiririka. Mama alifunga mlango, akabaki na wanawe. Muujiza mkubwa wa maisha yake ulitokea bila mfadhili kuwapo kuutazama.

Kuuliza mtu ana nini nyumbani ni kazi ngumu kuliko kugawa unga, maana majibu yake yanatupeleka mbali. Ukimwuliza mkulima mzee wa Kilema au Rombo kwa nini amekuwa fukara, usitegemee jibu la uvivu. Kahawa iliingia katika mlima huu mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na misheni ya Kilema ni mojawapo ya mahali ilikopandwa kwanza. Wakulima wadogo wakaipokea, wakaunda chama chao mwaka 1925, na kutokana nacho ikaja KNCU mwaka 1933. Hawakungoja kufundishwa kuvua. Walivua, wakauza, na kwa kahawa hiyo wakasomesha watoto ambao leo ni madaktari na, kwa bahati mbaya au nzuri, mapadre. Kisha mwaka 1976 Serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, ikaja kuvirudisha baadaye vikiwa vimedhoofika. Na mwezi wa Julai 1989 utaratibu wa kimataifa wa kugawana kiasi cha kahawa kinachouzwa ulivunjika, bei ikaporomoka duniani kote. Mzee aliyeishi kwa shina la kahawa alijikuta gharama za dawa ya mibuni zimezidi malipo yake. Wengi walikata mibuni, na kihamba chenyewe kimegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka kimekuwa ukanda mwembamba. Mzee huyo ukimwendea na semina ya kumfundisha bidii ya kazi, utakuwa umemtukana. Kuvua anajua. Aliyempangia bei ya samaki hakai Rombo.

Sisemi haya ili tukate tamaa. Nasema ili tujue kwamba hisani nyingine haibebwi kwenye mfuko. Inafanywa kwenye mkutano wa chama cha msingi, pale muumini mwenye elimu ya hesabu anapokubali kukagua vitabu vya ushirika wa kijiji chake bila malipo na bila woga. Nimewahi kuona wahasibu kanisani wanaojitolea kushika kikapu cha sadaka, lakini wanapokumbushwa juu ya mahesabu ya kijijini hupata safari.

Tena tunayo mifano ya karibu. Mwaka 1988 kina mama wa Nronga, huko Machame katika Wilaya ya Hai, walianzisha ushirika wao wa maziwa, wakawa wanayakusanya na kuyauza kwa pamoja badala ya kila mmoja kuhangaika na kidumu chake. Hakuna aliyewaletea lita moja ya maziwa. Ng'ombe walikuwa nyuma ya nyumba zao. Kilichoongezeka ni kukaa pamoja.

Wako pia waliopata ng'ombe kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe. Shirika lililoueneza, la Heifer, lilianza kazi Tanzania mwaka 1974, na asili yake ni mkulima mmoja Mmarekani, Dan West, aliyekuwa akigawa maziwa kwa watoto wakati wa vita vya Hispania katika miaka ya 1930. Aliona kikombe kinakwisha na kesho yake foleni ni ile ile, akawaza juu ya ng'ombe. Unapewa mtamba, akizaa jike, unampa jirani yako. Aliyepokea jana leo ni mtoaji, tena anatoa akiwa amesimama wima. Jambo hili halikuwa geni kwa babu zetu wa mlimani. Mwenye ng'ombe wengi alimkabidhi asiye na kitu amtunzie mmoja, na mtunzaji akapata maziwa, samadi kwa migomba yake, na baadaye ndama. Hata mifongo inayoteremsha maji vihambani ilichimbwa kwa mikono ya ukoo na jirani, na asiyetokea siku ya kuizibua alitozwa faini. Maskini naye alikuwa na zamu yake ya maji kwa sababu alikuwa na zamu yake ya jembe.

Lakini nawaonya hata juu ya ng'ombe. Ng'ombe wa zizini anakula kila siku, na majani ya mlimani hayatoshi. Tunawaona kina mama wakipanda kutoka tambarare na mizigo ya majani kichwani, shingo imezama. Kumpa mtamba mjane mwenye watoto wadogo, asiye na majani wala mtu wa kumsaidia kukata, ni kumwongezea mtoto mwingine mwenye tumbo kubwa. Naye aulizwe kwanza. Huenda akasema anataka kuku, huenda akasema anataka mlango wenye kufuli.

Sasa niwarudie makatekista na viongozi wa jumuiya, maana najua mnanisikiliza mkiwa na madaftari yenu. Msiyachome. Unga uendelee kugawiwa mwezi ujao kama kawaida. Ila majina yasiitwe tena mlangoni mwa ghala. Mtu apelekewe nyumbani, na anayepeleka aingie ndani, akae, akubali kunywa maji atakayopewa. Asiandike kitu siku hiyo. Mara ya pili au ya tatu ndipo aulize.

Habari ya mama wa cherehani ilikuwa na kipande kimoja zaidi. Aliposhona kwa miezi kadhaa, lilizuka suala katika halmashauri ya parokia. Wajumbe wengine walitaka jina lake lifutwe, kwa kuwa sasa ana kazi, na wapo wengine wanaongoja nafasi. Wengine wakasema aachwe, kwani mwezi uliopita aliumwa macho hakushona kabisa. Tulibishana kwa saa nzima, mimi nikiwa mwenyekiti, na tulikuwa karibu kupiga kura. Katekista wetu, ambaye mara nyingi hakusema sana, ndiye aliyeuliza kama kuna mtu amekwisha kumwuliza mwenyewe. Tukanyamaza. Miaka minne na mkanda mmoja, na bado nilikuwa sijajifunza.

Tulimwendea. Akafikiri, akasema, "Niacheni mpaka masika yapite, Baba. Wakati wa mvua wateja hawapiti huku kwetu. Nikiwa tayari nitakuja mwenyewe."

Alikuja mwezi wa Juni, Jumamosi ya kwanza, watu wakiwa wengi pale ghalani. Hakupanga foleni. Alikwenda moja kwa moja mezani kwa katekista, akaomba daftari na kalamu, akalitafuta jina lake kwa kidole, akalipiga mstari mmoja ulionyooka.